Asiyeweza Kuondoka

Mwezi uliopita nilikwenda Koboko kumzika ndugu yetu. Asubuhi ya kurudi Arua niliingia katika mkahawa mdogo karibu na paki ya magari nikaagiza chai na chapati. Kijana mmoja, meza ya karibu na mlango, aliwasha sigara. Upepo wa asubuhi ulikuwa unavuma kuelekea ndani, na moshi wote ukatujia. Ukutani, juu ya kichwa chake, yalikuwepo maandishi ya rangi nyekundu: USIVUTE SIGARA HAPA.

Mzee mmoja mwenye kofia alimwambia kwa upole, "Kijana, tafadhali vutia nje." Kijana akajibu bila kugeuka, "Mzee, kama moshi unakusumbua, si utoke wewe?" Yule mzee hakubishana. Alichukua kikombe chake akaenda kukaa kwenye benchi barazani. Baada ya dakika chache nami nilichukua changu nikamfuata.

Nilipokuwa nje ndipo nilipomwona vizuri binti aliyekuwa akituhudumia. Alikuwa na mtoto mgongoni. Alisimama kati ya jiko la makaa na ile meza ya mlangoni, akageuza chapati, akamimina chai, akapokea pesa. Mzee alitoka, mimi nilitoka, na hata mvutaji angemaliza sigara yake aende zake. Binti yule na mtoto wake hawakuwa na pa kwenda. Pale ndipo kazini kwake.

Kutoka Koboko hadi Arua ni chini ya kilomita 60, na siku hizi ni lami tupu. Njia nzima sikuzungumza na jirani yangu ndani ya gari. Nilikuwa nakumbuka watu niliowaona maishani mwangu wakiwa wamekwama ndani ya moshi wa wenzao, nami nikiwa karibu, kimya. Swali la kama uvutaji wa sigara upigwe marufuku mahali pa watu wote hujadiliwa kana kwamba ni ugomvi wa pande mbili, mvutaji na anayekerwa. Mimi nimekuja kuamini kwamba wa kuangaliwa kwanza ni mtu wa tatu, yule asiyeweza kuondoka.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtoto wa tumbaku. Tuliporudi kutoka ukimbizini Zaire katika miaka ya 1980, kama familia nyingi za West Nile, mkoa wetu, tulikuta vichaka mahali palipokuwa na nyumba. Baba alianza tena na muhogo na wimbi kwa ajili ya tumbo, na tumbaku kwa ajili ya pesa. Zao jingine la kutuletea pesa ya mkupuo hatukuwa nalo. Mbegu na mbolea vilikuja kwa mkopo, na mkopo ulikatwa siku ya mauzo, kabla baba hajashika senti.

Kazi ile naijua kwa ngozi yangu. Majani yalivunwa asubuhi, umande ukiwa haujakauka, tukayabeba kifuani na begani yakiwa mabichi. Tuliyafunga kwenye fito, tukayapanga ndani ya bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, kisha moto ukawashwa na haukuruhusiwa kuzimika kwa karibu wiki nzima. Usiku tulipeana zamu. Moto ukizidi, majani yanaungua. Ukipungua, yanaoza na kuwa meusi, na jani jeusi hupewa daraja la chini. Kuni zilitafutwa mbali zaidi kila mwaka, kwa sababu miti ya karibu ilikwisha kuingia motoni. Kuna wiki ambazo hatukuonekana shuleni, na mwalimu alijua bila kuuliza kwamba kwetu bani lilikuwa linawaka.

Msimu mmoja dada yangu mkubwa alirudi kutoka shambani akitapika. Kichwa kilimzunguka, mikono ilimtetemeka, akalazwa kivulini. Tulidhani ni malaria, akapewa klorokwini. Kesho yake alipata nafuu, akarudi kuvuna, akatapika tena. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba nikotini ya jani bichi lililolowa hupenya kwenye ngozi, na kwamba wavunaji duniani kote huugua hivyohivyo. Dada yangu hakuwahi kuweka sigara mdomoni, lakini sumu ilimwingia kupitia viganja vyake.

Ada yangu ya sekondari ililipwa na majani yale. Sitamdharau baba kwa hilo, wala sitakubali mkulima wa tumbaku atukanwe na mtu ambaye hajawahi kulala kando ya bani. Lakini kila ninaposikia jasho letu likitajwa kuwa sababu ya kuruhusu moshi ndani ya baa, namkumbuka dada yangu amelala kivulini. Pesa ya tumbaku ilinisomesha, na haikupunguza sumu ya tumbaku hata chembe.

Kitu kingine ninachokumbuka kutoka enzi hizo ni kigoda cha babu. Babu alivuta kiko, na bibi pia alivuta mara mojamoja, kama wazee wengi wa kwetu. Mahali pa kiko palikuwa chini ya mwembe, mbele ya nyumba. Mama akiwa na mtoto mchanga na akija kukaa mwembeni, babu alinyanyuka, akakamata kigoda chake, akakisogeza upande ule ambao upepo unatoka kwetu kwenda kwake. Hakuna aliyemwamuru. Ilikuwa adabu, kama kupunguza sauti mbele ya mgonjwa. Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba kumtaka mvutaji asogee ni mambo ya Wazungu, namjibu kwamba mimi niliyaona kwa babu yangu, ambaye hakujua kusoma.

Miaka ya 1990 nilikuwa nikisafiri kati ya Arua na Kampala kwa masomo. Nani wa umri wangu ameisahau barabara ile? Kutoka Arua hadi Pakwach ilikuwa vumbi jekundu lililoingia hadi kwenye meno. Ukishavuka daraja la Pakwach, hofu ilianza, kwa sababu waasi walikuwa wakivamia magari kati ya hapo na Karuma. Magari yalikusanywa yakaenda kwa msafara, wanajeshi wakisindikiza. Hakuna basi lililosimama kwa sababu ya mtu kutaka kujisaidia, seuze kwa sababu ya mtu kutaka hewa.

Safari mojawapo niliketi nyuma ya mama aliyempakata mtoto wa miezi michache. Madirisha yalifungwa kwa ajili ya vumbi. Wanaume wawili mbele yetu walivuta moja baada ya nyingine, nadhani kwa woga kuliko kwa hamu. Mtoto alianza kukohoa, kile kikohozi chembamba cha kifua kidogo. Mama akamfunika kwa kitenge, akamfunua kwa sababu ya joto, akamfunika tena. Hatimaye akamwita kondakta. Kondakta akamwambia, "Mama, vumilia. Hata dereva anavuta."

Basi lilikuwa na watu zaidi ya sitini. Hakuna aliyefungua mdomo. Mimi nilikuwa kijana msomi, nimevaa shati jeupe, nimebeba vitabu vyangu, na nilitazama dirishani. Nilijiambia kwamba si mtoto wangu, na kwamba wale wanaume walikuwa wakubwa kwangu. Mama yule alilipa nauli kama sisi. Kushuka hangeweza, maana nje kulikuwa na bunduki. Safari ile ilinionyesha maana ya mahali pa watu wote: ni mahali ambapo mtu yupo kwa sababu ana haja ya kuwepo, na mara nyingi haja hiyo haimpi nafasi ya kuchagua hewa.

Baadaye nilirudi Arua nikafundisha. Katika chumba chetu cha walimu alikuwepo mwenzetu mmoja, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na tano, mwalimu hodari wa hesabu, aliyevuta kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Nilimheshimu sana. Ndiye aliyenifundisha namna ya kusimamia darasa la watoto tisini. Sikuthubutu kumwambia kitu kuhusu moshi wake.

Desemba 2002 nilisoma gazetini kwamba Mahakama Kuu mjini Kampala, chini ya Jaji Ntabgoba, imetamka kuwa kuvuta sigara mahali pa watu wote kunavunja haki za wasiovuta. Kesi ilikuwa imefunguliwa na wanaharakati wa mazingira waliotegemea Katiba ya mwaka 1995, ambayo inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Mahakama iliiagiza Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA, itunge kanuni, na mwaka 2004 kanuni hizo zikatoka. Nilisoma habari ile kwa sauti chumbani kwetu. Mwenzetu alitikisa majivu akasema, "Na polisi wa Kampala watapanda basi kuja kunikamata hapa?" Tukacheka. Karatasi ya katazo ilibandikwa ukutani, ikakaa pale ikibadilika rangi kwa moshi uleule ilioukataza.

Kilichobadilisha mambo kilikuja siku ya mvua. Msichana wa kidato cha pili alileta rundo la madaftari ya hesabu. Madirisha yalikuwa yamefungwa na chumba kimejaa moshi. Alikuwa na pumu, nasi hatukujua. Alisimama mbele ya meza ya mwalimu wake akisubiri ruhusa ya kuondoka, kwa sababu mwanafunzi wetu haondoki mbele ya mwalimu kabla hajaruhusiwa. Alisubiri huku pumzi zikimkwama, mpaka madaftari yakamponyoka. Mwenzetu ndiye aliyemnyanyua akamkimbiza barazani, na ndiye aliyekaa naye mpaka kifua kilipofunguka.

Tangu siku ile hakuvuta tena ndani. Alikwenda mbali, kwenye mikalitusi ya mpakani mwa shule, hata mvua ikinyesha. Kutokana naye nilijifunza kwamba wavutaji wengi si watu wakatili. Hawaoni, basi. Na sisi tuliokuwa tukiona tulimnyima neno ambalo lingemsaidia kuona kabla msichana hajaanguka. Sheria iliyoandikwa ilikuwa tayari upande wetu. Tulichokosa ni mtu wa kuisema kwa heshima, siku ya kawaida, kabla ya ajali.

Kumbukumbu ya mwisho ni ngumu kwangu. Shangazi yangu aliishi Arua zaidi ya miaka thelathini na mume wake katika nyumba ya vyumba viwili, duka mbele na kitanda nyuma. Mjomba alivuta dukani na alivuta kitandani. Shangazi hakuvuta. Alikuwa mwanamke wa dini, na hata harufu ya sigara hakuipenda. Alipoanza kukohoa tulimpa asali na malimau, kisha dawa za kifua, kisha tukashuku kifua kikuu. Ilipogundulika kuwa ni saratani ya mapafu, daktari alimuuliza, "Mama, ulivuta kwa miaka mingapi?" Shangazi akasema hajawahi. Daktari akaweka kalamu chini, akauliza, "Nyumbani nani anavuta?"

Siwezi kuapa kwamba ni moshi wa mjomba uliomuua. Shangazi alipika kwa makaa maisha yake yote, na moshi wa jiko nao una madhara yake. Lakini najua kwamba mwaka 1981 mtafiti wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia maelfu ya wanawake wasiovuta, akakuta kwamba walioolewa na wavutaji wakubwa walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Tafiti za nchi nyingine zilikuja kuthibitisha hatari hiyo. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kati yao zaidi ya milioni 1 ni watu waliovuta hewa tu karibu na mvutaji. Shirika hilo linasema hakuna kiasi cha moshi huo kilicho salama. Feni huusogeza kutoka meza hii kwenda meza ile, na dirisha moja halitoshi.

Matangani mjomba alikaa kando yangu muda mrefu bila kusema. Kisha akanena maneno ambayo sitayasahau: "Hakuwahi hata siku moja kuniambia nitoke." Sheria ya nchi haiingii chumbani kwa mtu, na sitaki iingie. Lakini mwanaume aliyezoea kutoka nje ya mkahawa kila anapotaka kuvuta, kidogokidogo hujiona mgeni wa ajabu akivuta kando ya kitanda cha mkewe. Mazoea ya barazani huingia ndani yenyewe.

Hayo ndiyo yanayonifanya niunge mkono, bila kusitasita, sheria tuliyonayo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ilipitishwa na Bunge la Uganda Julai 2015, kutokana na muswada binafsi wa mbunge Dkt. Chris Baryomunsi. Rais aliitia saini Septemba mwaka huohuo, na ikaanza kutumika tarehe 19 Mei 2016. Inakataza kuvuta ndani ya ofisi, mikahawa, baa, shule, hospitali na vyombo vya usafiri, na hata nje ndani ya mita 50 kutoka sehemu hizo. Inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 21, na inakataza kuuza sigara mojamoja. Shisha nayo imepigwa marufuku. Kampuni ya sigara ilikwenda Mahakama ya Katiba kuipinga, na mwaka 2019 mahakama ikalitupa ombi hilo. Majirani nao wana sheria zao, Tanzania tangu 2003 na Kenya tangu 2007. Hatuko peke yetu, wala hatukukurupuka.

Nimesikiliza hoja za wanaopinga, na baadhi yao ni marafiki zangu. Wanasema mtu mzima ana uhuru wa kufanya apendavyo na mwili wake. Nakubali. Sheria haijamkataza kuvuta. Imemkataza kuuingiza mwili wa mwenzake katika uamuzi wake. Wanasema mkulima ataumia. Sheria hii haikung'oa hata mche mmoja wa tumbaku, na mkulima wetu ameumizwa zaidi na bei na madeni kuliko na mtu kuvutia nje ya baa Kampala. Wanasema biashara itaanguka. Rafiki yangu mwenye baa hapa Arua aliogopa hivyohivyo. Aliondoa visahani vya majivu mezani, akawaeleza wateja wake mmojammoja. Baadhi walinuna kwa wiki kadhaa, kisha wakarudi, kwa sababu walikuwa wakija kwa ajili ya wenzao na mpira, na hao bado walikuwa ndani. Wahudumu wake waliacha kwenda nyumbani na nguo zinazonuka.

Kuna hoja moja ninayoipa uzito. Wanasema sheria hii ni ya karatasi. Ni kweli kwamba hapa mpakani sigara za magendo hupita kwa boda boda, na watoto wanauza mojamoja njia ya Oraba kana kwamba ni pipi. Ni kweli pia kwamba katika mji wenye maduka yaliyobanana, ukipima mita 50 kutoka mlango huu unakuta umefika mlango wa mwingine. Jibu langu ni kwamba tuanze na pale ambapo hakuna ubishi: ndani. Ndani ya mkahawa, ndani ya teksi, ndani ya chumba cha walimu. Hapo hapahitaji askari wala futi ya kupimia. Panahitaji mwenye mahali aseme neno, na wateja wamuunge mkono.

Juzi nilirudi Koboko kwa arobaini ya ndugu yetu. Nilikwenda kwenye mkahawa uleule, na binti yuleyule akanikaribisha. Nilimuuliza, "Binti yangu, wakivuta humu wewe unafanyaje?" Akacheka kwa aibu. "Mwalimu, nikitoka, nani atawahudumia?"

Haukupita muda mwanaume mmoja akatoa pakiti yake. Moyo ulinidunda kama siku ile kwenye basi. Nilisimama nikamwendea, nikamwambia, "Kaka, humu ndani kuna mtoto. Twende nje mimi na wewe, nitakusindikiza." Alinitazama, akamtazama mtoto mgongoni mwa binti, akasema, "Samahani, mzee wangu." Tukatoka. Tulisimama mbali kidogo, kwenye mti, tukazungumza habari za bei ya muhogo mpaka alipomaliza. Hatukugombana hata kidogo. Nilihuzunika tu kufikiria kwamba ilinichukua miaka karibu thelathini kutamka sentensi fupi kama ile.

Wewe mwenye mkahawa, maandishi ya ukutani hayana mdomo, yasemee. Wewe dereva na kondakta, abiria amelipa nauli, na hewa imo ndani ya nauli hiyo. Wewe unayevuta, sikuhukumu. Sogeza kigoda kama babu yangu. Na wewe unayekaa kimya kwa sababu moshi ukizidi unaweza kutoka, kabla hujanyanyua kikombe chako angalia ni nani anayebaki.

Nilimuuliza binti yule saa zake za kazi. Huingia saa kumi na mbili asubuhi na hutoka saa mbili usiku. Ni saa kumi na nne kila siku, yeye na mtoto mgongoni.